Kaneno ka herufi tatu kalikonitoa jasho

Wiki tatu zilizopita nililetewa kazi ya kutafsiri kitabu cha maelekezo cha jenereta. Kurasa 38, Kiingereza kwenda Kiswahili, zile jenereta ndogo za petroli ambazo ukikatiza Kariakoo unazikuta zimepangwa nje ya duka zimefunikwa nailoni. Nikajisemea hii kazi ya siku nne, tano zikizidi sana. Nishatafsiri mikataba ya kupanga nyumba mimi, nishatafsiri vipeperushi vya chanjo, sasa jenereta ndo inishinde?

Ukurasa wa maonyo, sentensi ya kwanza: "Never run the generator indoors." Hiyo rahisi, usiwashe jenereta ndani ya nyumba. Inayofuata: "Let the engine run for three minutes before connecting any load." Hapo siwezi kusema kuwasha tena maana imeshawashwa, inatakiwa iachwe tu, nikaandika iache injini iungurume dakika tatu. Inayofuata: "Do not run cables under carpets", usipitishe nyaya chini ya zulia. Inayofuata: "If fuel runs low", mafuta yakikaribia kuisha. Halafu ikaja "If the engine runs rough" na hapo nikasimama, nikaenda jikoni kubandika chai.

Hebu angalia. Neno ni lilelile, herufi tatu, ndani ya nusu ukurasa limeshanitolea kuwasha, kuunguruma, kupitisha, kuisha na moja sijui hata niiteje. Wakati shuleni mimi niliambiwa "run" ni kukimbia, basi, tukaimba darasa zima run-ran-run huku mwenzetu mmoja amesimamishwa mbele anakimbia palepale alipo ili wenye vichwa vigumu nao waelewe. Hakuna aliyetuambia kwamba jenereta nayo inakimbia, waya unakimbia, mafuta yanakimbia.

Chai ikiwa inachemka nikaanza kusomasoma mtandaoni, na hapo ndo nikaacha kujilaumu. Kuna ile kamusi kubwa ya Oxford, ambayo toleo lake la pili la mwaka 1989 lilikuwa na majuzuu 20, na kwenye toleo hilo neno lililokula karatasi kuliko yote lilikuwa "set", maana zaidi ya 430, maelezo yake maneno kama elfu 60, yaani chukua post hii unayosoma uzidishe mara 30 na yote hayo ni neno moja tu. Baadaye wakaanza kuipitia kamusi upya, mwaka 2000 "make" likalipita "set", 2007 likaja "put", na 2011 likaibuka "run" likawaacha wote, maana 645, na hapo tunahesabu "run" ikiwa kitenzi, nomino bado. Mhariri aliyekaa na neno hilo anaitwa Peter Gilliver na lilimchukua miezi tisa. Miezi tisa! Hiyo ni mimba kamili mpaka leba. Na yeye Kiingereza kazaliwa nacho halafu analipwa mshahara kila mwezi, mimi nalipwa kwa idadi ya maneno na nina siku nne.

Ugomvi wangu na "run" lakini haukuanza na jenereta. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilikuwa mapokezi kwenye hoteli moja ndogo Moshi, wageni wetu karibu wote wapanda mlima. Kulikuwa na mama mmoja Mwingereza, mtu mzima, mpole, ameshuka mlimani juzi yake na alikuwa amekodi gari anazunguka nalo mwenyewe mjini. Saa nne asubuhi akaingia, akaegemea kaunta, akaniambia huku anatabasamu, "I ran into your manager near the market this morning." Sasa siku hiyo meneja kweli alikuwa hajafika kazini, na si kawaida yake. Mimi Kiingereza changu cha kidato cha nne kikanipigia hesabu haraka: run ni kukimbia, into ni kuingia ndani, huyu mama kaingia na gari mpaka kwa meneja. Nikamuuliza ameumia? Akanishangaa, akasema hapana, yuko vizuri sana, kaninunulia kahawa.

Kaninunulia kahawa! Nikawaza jamani, hawa watu wana nini, unamgonga mtu na gari halafu anakupeleka kunywa kahawa. Nikaona isiwe tabu, nikampigia meneja, "Shikamoo bosi, pole sana, nimesikia umegongwa." Kimya. Halafu akauliza nani kakwambia. Nikamtaja mgeni. Aisee alicheka yule baba mpaka nikasikia kikombe kimeanguka. Kwa miezi mingi baada ya hapo kila akinikuta kwenye korido anajifanya anachechemea.

Kumbe "run into" ni kukutana na mtu bila kupanga, tu. Ukisema "run over" ndo umemkanyaga na gari. "Run down" inaweza kuwa umemgonga na inaweza kuwa umemsema vibaya kwa watu. "Run after" unamfukuza, "run off with" umetoroka naye, na kama ni mke wa mtu basi ndo hivyo tena. Kitenzi hakijabadilika hata kidogo, kilichobadilika ni hivyo vijineno vya nyuma, ambavyo mwalimu alitufundisha siku moja kabla ya mtihani, akasema hivi si muhimu sana.

Kitu kingine nilichokuja kukijua nikiwa na hii jenereta ni kwamba "kukimbia" kwa miguu ni nusu tu ya asili ya hilo neno. Kwenye Kiingereza cha zamani sana lilikuwa linabeba na kutiririka humohumo. Wajerumani ambao ni ndugu zao kwenye lugha wao wakayatenganisha, "rennen" kukimbia, "rinnen" kutiririka, lakini Waingereza wakabaki na chungu kimoja wanapikia kila kitu. Ukishajua hilo mambo mengi yanakaa sawa. Mto una-"run", bomba lililoachwa wazi lina-"run", pua ya mtoto mwenye mafua ina-"run", rangi ya nguo kwenye beseni nayo. Hakuna anayekimbia hapo, vyote vinatiririka. Sisi kila kimoja tuna neno lake, maji yanatiririka, bomba linavuja au linamwaga, kamasi zinachuruzika, kitenge kinachuja. (Na hilo la kuchuja sisi wenyewe tumelipeleka mbali, maana siku hizi hata msanii anachuja, na ukimwambia msanii amechuja usitegemee akupe mkono.)

Basi, tuirudie injini yangu inayo-"run rough". Kesho yake nikachukua karatasi zangu nikaenda mtaa wa Gerezani jijini Dar kwa mjomba wangu, kaka yake mama, fundi jenereta na pampu za maji kwa miaka mingi tu. Nikamkuta kachuchumaa, kabureta kalitandaza kwenye kipande cha boksi, mikono yote petroli, mbele yake kuna jenereta jekundu limefunguliwa ubavu.

"Mjomba shikamoo. Injini ikiwa inaunguruma vibaya, haitulii, nyie mnasemaje?"

Hakunijibu. Alirudisha kabureta, akakaza nati mbili, akavuta kamba mara tatu ikawaka, akachukua bisibisi ndefu, ncha akaiegesha kwenye injini na mpini akauweka sikioni kama daktari na kile kipimo chake. Akaniita kwa kidole. Nikaweka sikio langu palepale. Ilikuwa inakwenda tu-tu-tu-tu, halafu inakosa moja, halafu tu-tu-tu.

"Umeisikia? Inamisi."

Inamisi! Neno lote hilo lililonilaza saa saba, mtu anasema kwa pumzi moja na bisibisi sikioni. Na ndiyo najua, limetoka kwenye Kiingereza hilohilo, "miss", lakini mteja yeyote wa jenereta kuanzia Mbagala mpaka Tunduma ukimwambia inamisi ameshakuelewa, wakati mimi nilikuwa nataka kuandika "iwapo injini itaunguruma pasipo ulaini". Nisingeaibika?

Nikakaa kwenye ndoo, nikamsomea orodha nzima. "Run-in period"? Hiyo ni kuizoesha, jenereta jipya masaa 20 ya mwanzo usilibebeshe mzigo mkubwa. "Trial run"? Unaijaribu. "Do not let the pump run dry"? Pampu isitembee kavu, ikitembea bila maji siili ya ndani inaungua halafu wanakuja kunilaumu mimi. Na ile ambapo umeshazima swichi lakini yenyewe inaendelea, "run on"? Mjomba akacheka, akasema hiyo inagoma kuzima.

Ila kuna alichokisema bila mimi kumuuliza, anamwelekeza kijana wake, akasema hili jenereta tenki likijaa linatembea masaa nane. Linatembea. Nikakumbuka kwamba sisi mashine zetu zote zinatembea. Gari langu halitembei wiki ya pili sasa. Basi lile linatembea Dar Mwanza. Hata biashara, muulize muuza mitumba, mzigo unatembea au umelala. Mwingereza mashine zake zinakimbia, za kwetu zinatembea, na cha kufurahisha Mfaransa naye yuko upande wetu, kwake kitu kikifanya kazi kina-"marche", kinatembea. Nimejaribu kutafuta maana kubwa ya kitamaduni hapo nimekosa, ila nimeipenda tu.

Sasa usije ukadhani nataka kusema Kiingereza ni kigumu sisi ni wepesi. Kazi ileile ambayo wao wanawapa vile vijineno vya nyuma, sisi tunaifanya mkiani mwa kitenzi. Kimbia, kimbilia, kimbiza, kimbizana, kimbizwa. Mgeni anayejifunza Kiswahili anapasuka kichwa hapo kama mimi na "run into". Kila mwaka redio zinatangaza Mwenge wa Uhuru unakimbizwa mkoa fulani, na mimi nina rafiki wa nje aliniuliza kwa dhati kabisa, unakimbizwa na nani, umefanya nini? Nikamwambia hapana, haufukuzwi, ni mbio za Mwenge, watu wanaupeleka. Akaniuliza wanakimbia nao? Hapo nikanyamaza kidogo maana safari nyingi unakuwa juu ya gari. Au mkimbiaji na mkimbizi. Mmoja yuko uwanja wa taifa kavaa viatu vya michezo, mwingine yuko kambi ya Nyarugusu kule Kigoma na watoto watatu, na kilichowatenganisha kwenye maandishi ni herufi mbili tatu za mwisho.

Kwenye siasa ndo nilicheka mwenyewe. Mmarekani akiutaka urais ana-"run for president", anakimbia. Mwingereza, mwenye lugha, akitaka ubunge ana-"stand", anasimama. Yaani mmoja mbio, mwenzie kasimama wima, na wote wanatafuta kura. Sisi tunagombea, na hilo neno letu ukilifunua ndani unakuta kugomba, ndugu yake wa damu kugombana. Kwa nilivyoona kampeni za mtaani kwetu, viti vimerushwa mpaka kwenye mtaro, nadhani kati ya lugha zote sisi tumeongea ukweli zaidi.

Halafu kuna kuendesha, na hapa ndo nilipotaka kufika muda wote. Kichwa cha sura ya tatu ya kile kitabu ni "Running the generator", nikaandika Kuendesha jenereta, safi kabisa, kuendesha mitambo, kuendesha kampuni, kuendesha kikao, kote huko Mwingereza anasema "run" na sisi tunasema endesha na wala hakuna ugomvi. Nikawa nimeshapita ndo nikakumbuka kisa cha rafiki yangu mmoja, mzungu, alikuja kujitolea kwenye kituo cha afya, Kiswahili chake cha kitabuni lakini anajitahidi. Akaingia mama kabeba mtoto wa miezi minane, mtoto kalegea.

"Daktari, mtoto anaendesha tangu jana."

Rafiki yangu akamwangalia mtoto. Miezi minane. Akauliza kwa upole, anaendesha nini?

"Anaendesha tu daktari. Usiku kaendesha mara sita."

Nesi aliyekuwa pembeni ilibidi atoke nje kwanza acheke ndo arudi kusaidia. Mtoto alipewa dawa za maji, akapona, tusije tukasahau hilo. Ila jioni yule rafiki yangu ananisimulia huku bado kanuna, mimi ndo nikashtuka: kwani kwa Kiingereza tumbo la kuendesha ni nini? "The runs"! Mwingereza anayeendesha kampuni ana-"run" kampuni, na akila chipsi mayai za kibanda kibaya anapata "the runs". Kitu kilekile! Watu wawili hawajawahi kukaa meza moja, mmoja kwao baridi mwingine kwao joto, wote wamechukua neno la kuongoza shirika wakalipeleka chooni. Na sisi wa huku tukiongea Kiingereza chetu tunasema "running stomach", ambayo mgeni akiisikia anakunja uso kwanza, ila ukifikiria tumbo lenyewe lilivyo siku hiyo, mbona ni sahihi.

Ningeweza hapa kuleta na "piga" yetu, piga pasi, piga mswaki, piga simu, piga deki, ila hiyo kila mtu ameshaiandika, tuiache.

Nilichogundua katika hizo siku ni kwamba nilikuwa nakosea namna ya kuliangalia neno. Nilikuwa nalikodolea macho lenyewe nikisubiri liniambie maana yake, wakati lenyewe ni kama konda wa daladala, hujui anakwenda wapi mpaka uangalie kibao cha gari alilodandia. Mfano mzuri ni benki. "I'll run to the bank", mtu anakwambia anatoka mara moja kwenda benki, labda hata hakimbii, anatembea na miwani ya jua. Badilisha kijineno kimoja, "a run on the bank", na hapo ni balaa, wateja wote wanakimbilia kutoa hela zao kwa pamoja. Machi 2023 kule Marekani, Silicon Valley Bank, ndani ya siku moja wateja walitaka kutoa dola bilioni 42, na kesho yake benki ikafungwa. Na wengi wao hata hawakukimbia, walikuwa wamekaa kwenye viti wanabonyeza simu. "To" na "on", hizo tu ndo tofauti ya kumtuma kijana akalipie ada na benki nzima kufa.

Kwa hiyo nikarudi mwanzo wa kitabu, nikaacha kusoma "run", nikawa nasoma jirani zake. Nani anafanya, injini au mtu au waya? Kuna kijineno gani nyuma? Halafu najiuliza mjomba angesemaje na hiyo bisibisi sikioni. Siku mbili nikamaliza. Nilihesabu kwa kompyuta nilipomaliza, "run" na watoto wake wote wametokea mara 94 kwenye kurasa 38, na kwenye Kiswahili changu nimetumia vitenzi 17 tofauti. Kukimbia hakijatokea hata mara moja.

Sehemu moja tu niligombana na mteja. Aliyekagua kazi alitaka nitoe "inamisi", akasema si Kiswahili sanifu, niweke "inaunguruma kwa mikatiko". Nikamjibu kwa adabu kwamba mtu atakayesoma ukurasa huo ni saa mbili usiku, kiza, jenereta limegoma na wageni wamekaa sebuleni. Tukabishana imeili nne. Mwisho tukaweka zote mbili, yake mbele, yangu nyuma, sawa, maisha yaendelee.

Wakanijibu ijumaa: "Great work! We'll just run it by our engineer, then run the payment." Hiyo niliielewa bila hata kwenda Gerezani. Ni ijumaa ya pili sasa, injinia bado hajapitia, malipo hayajapita. Nimeishiwa hata bando, hii post nimeiandikia kwa jirani.